Fahima Faki na Wagonjwa Wasiomsalimu

"Mtu wa maabara hana wagonjwa, ana chupa za damu tu." Hayo aliyasema Bwana Gedion, katibu wa kamati yetu ya sherehe, alipoulizwa kwa nini ratiba ya kumuaga Bi. Fahima Faki ina hotuba za wakubwa wanne na haina neno hata moja kutoka kwa mgonjwa. Ati alitangaza, akangoja wiki mbili, hakujitokeza mtu. Gedion ni rafiki yangu. Katika hili amekosea, na sitamwachia.

Bi. Fahima anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne kazini: kumi na miwili Kitui mjini, alikozaliwa, na ishirini na miwili katika kituo chetu cha afya nje kidogo ya Makindu. Muda mwingi alikuwa peke yake katika chumba kile chenye dirisha moja. Mashine kuukuu ya kuzungushia damu aliipa jina, Kisilu, na kila asubuhi aliisalimu kabla yetu. Tulicheka. Hatukujiuliza kwa nini.

Mwaka wa 2016 mfumaji mmoja wa viondo, vile vikapu vya nyuzi, kutoka Mbumbuni, ambaye kwa ruhusa yake nitamwita Nzilani, alipewa majibu yaliyosema virusi vya Ukimwi havionekani katika damu yake. Alichinja mbuzi, akaita watu wa kanisa, akaacha dawa. Miezi saba baadaye aliletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa leso mgongoni mwa dereva asianguke. Sisi tulimlaumu. Bi. Fahima alijilaumu mwenyewe, kwa kuwa karatasi ile ilitoka mkononi mwake bila maelezo.

Nzilani alipopata nguvu, Bi. Fahima alimwomba kiondo ambacho hakijaisha. Akakata uzi mmoja, akachomeka wa rangi nyingine katikati, ncha akaziacha zikining'inia. Vidole vya Nzilani vikaanza kuzifunga.

"Nani amekwambia ufunge, mwaitu?" Bi. Fahima akamuuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Ai! Niache tundu? Si kitafumuka chote?"

"Basi seli yako ilifanya hivyo hivyo. Kirusi kinakata DNA na kujichomeka ndani, lakini kando kando kinaacha mapengo. Seli ina mafundi wake wa kurekebisha. Wakiona pengo, wanaziba. Hawaulizi uzi ni wa nani."

Nzilani aliuvuta ule uzi mgeni. Kiondo kizima kikajikunja.

"Kumbe mwizi nimemtandikia kitanda mimi mwenyewe!"

"Na bado amelala humo, hata karatasi ikisema haonekani. Dawa inamzuia kuenea. Haimtoi. Ukiiacha, anaamka."

Wapo waliosema mambo ya DNA ni ya chuo kikuu, mwanakijiji apewe vidonge aende. Upuuzi! Anayejua kufuma anajua ukarabati kuliko wengi wetu wenye vyeti. Tangu siku hiyo kila aliyepata majibu mazuri alipitia chumba kile na kukishika kiondo kile. Kwa miaka tisa sijaona mwingine aliyeacha dawa kwa sababu ya karatasi nzuri.

Hao ndio wagonjwa wake, Gedion. Hawakujitokeza kwa sababu kumsalimu Fahima mbele za watu ni kujitangaza. Naye anajua. Nimemwona sokoni akiinamia vitunguu asivyonunua ili mtu apite kwa amani. Mtu huyo alikuwa hai kwa sababu yake. Alipita bila kugeuka, na Fahima hakuinua uso mpaka nyayo ziliponyamaza. Sasa anarudi kwenye nyumba anamoishi peke yake, na hata Kisilu hatakuwapo asubuhi.

Bi. Fahima, asante kwa kila tone la damu ulilolitunza kama la nduguyo. Mungu akupe afya, na siku zako zijae hodi za watu.

Nawe Gedion, nanyi wauguzi, wapishi, walinzi na madereva wa kituo hiki: siku ya soko mkimwona ameinamia vitunguu, msimpite. Mwiteni kwa jina, kwa sauti, mshikeni mkono. Tukimsalimu sote, salamu haitamfichua yeyote. Ndipo Nzilani naye ataweza kusimama amsalimu.