Kapu la Kumi

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya kibanda cha Fundi na ukuta wa ghala lililofungwa. Miguu yake mitatu ni ya mbao, wa nne ni matofali. Mimi nauza kahawa hapo. Wateja wangu wa asubuhi ni walewale: Fundi, anayeshona sare za shule na kupanua suruali za watu walionenepa, Redio, anayetengeneza simu na hanyamazi, na Mzee Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye hajawahi kusikia jambo jipya asilikanyagie breki. Asubuhi hiyo chini ya benchi palikuwa na makapu tisa matupu, kila moja na alama ya mwenyewe: kitambaa chekundu, kifungo, rangi ya kucha. Mama mmoja mwenye shamba nje ya mji, anayelima bila dawa, alikuwa amesema hivi: mkifika kaya kumi, gari langu litasimama hapa na mboga kila wiki, msimu mzima. Mkiwa tisa, nitapita moja kwa moja. Kujiunga ni kutoa malipo ya msimu mwanzoni na kumkabidhi kapu lako tupu, na siku hiyo ndiyo aliyokuwa anapita kuyachukua, ajue apande matuta mangapi. Nilizunguka mtaa mzima nikapata tisa, langu likiwemo. Kwenye nyumba za hawa watatu sikugonga, kwa sababu kila mmoja aliniambia atafikisha habari mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa naitazama barabara kuliko nilivyolitazama birika.

— Dada, unamwaga, — alisema Fundi.

Kweli, kahawa ilikuwa inatiririka kwenye sahani.

— Nawaza. Fundi, kapu lako liko wapi?

— Bado nalifikiria.

— Unalifikiria tangu wiki iliyopita. Kapu halikatwi wala halipimwi, ni kulileta tu.

— Shemeji, usimharakishe mwenzio, — akaingilia Redio. Huniita shemeji kwa sababu alisoma na mume wangu. — Hebu nieleweshe mimi kwanza. Hizo mboga zenyewe ziko wapi sasa hivi?

— Hazijapandwa.

— Hazijapandwa! Mmesikia? Shemeji amenunua mchicha ambao bado ni wazo!

Wakacheka. Nikasogeza mkaa ambao haukuhitaji kusogezwa.

— Mimi nimebeba mizigo maisha yangu yote, — alisema Mzee Breki. — Sijawahi kupokea mzigo ambao haujapakiwa. Mwanangu, mvua ikigoma je?

— Ikigoma tunakosa wote, mzee. Yeye na sisi. Zikiota nyingi, kapu linajaa. Zikiota chache, tunagawana hizo chache. Ndiyo makubaliano.

— Yaani lori likipinduka, na abiria wanalipa bati.

— Sokoni mvua ikigoma bei inapanda mara mbili, unalipa, na hakuna anayekuuliza kama wewe ni abiria.

Mzee Breki akapuliza kahawa yake. Lakini hoja yake haikuwa ya kijinga, na ilikuwa imenikosesha raha siku kadhaa. Sikuwa nimejiunga kwa ajili ya afya. Watu wa afya wana muda. Mimi kila alfajiri namwachia mwanangu mkubwa kazi ya kuwavisha wadogo zake viatu, na huwavisha kinyume, naenda sokoni kugombea mafungu na wanawake wenye viwiko, narudi mbio nawasha jiko kabla watu hawajaanza kuulizia kahawa. Nilitaka kitu kimoja tu maishani kije chenyewe mpaka nilipo.

Gari likasikika. Nikasimama. Lilikuwa la maji.

— Kaa, shemeji, utachoka kabla ya mavuno, — alisema Redio. — Na hilo la kutopiga dawa? Huko kote wakulima wananyunyiza. Sasa wewe ukiwa mdudu, una akili zako timamu, utakaa wapi?

— Nitahamia kwa huyo mama, — alijibu Mzee Breki.

— Umeona! Wadudu wa wilaya nzima wamehamia kwake, wana na wazazi. Halafu anawafunga kwenye kapu anawaletea hapa. Mdudu akila jani, na wewe ukala jani hilohilo, shemeji, mmekula sahani moja.

— Afadhali mdudu kuliko dawa, — alisema Fundi, na akaweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili. Hapo nikajua tumefika kwenye hotuba yake ya ini. — Dawa ya mboga haitoki mwilini. Inakaa kwenye ini kama vumbi la nyuzi ndani ya cherehani. Leo kidogo, kesho kidogo. Unashona tu, unaona mambo safi. Siku moja sindano inakatika.

— Sindano ya nani?

— Yako, Redio! Na siyo dawa tu. Mboga za sokoni zinamwagiliwa kule bondeni, maji yanatoka wanapooshea magari. Kuna mafuta, kuna grisi. Mtoto anakula grisi hiyo tangu anaota meno. Mnadhani ni kwa nini watoto wa siku hizi wanajua aina zote za magari na hawajui majina ya shangazi zao?

— Hapo umenigusa, — alisema Mzee Breki. — Mjukuu wangu yuko hivyohivyo.

— Fundi, — nikasema, — kama unayaamini hayo yote, leta kapu.

— Dada, kuamini ni jambo moja.

— Na la pili?

— La pili nalifikiria.

Nilitamani kumvika hilo birika kichwani. Nikayahesabu makapu upya kama mtu anayetarajia moja limezaa. Tisa. Redio alikuwa ameegemeza miguu juu ya lenye rangi ya kucha. Nikaipiga miguu yake kwa kitambaa cha kufutia vikombe, akaishusha, lakini mdomo haukushuka.

— Jambo linalonitisha mimi ni moja, — aliendelea. — Huchagui. Kweli au uongo? Unakula kilicholetwa. Akileta biringanya, kaya kumi zinakula biringanya. Siku moja! Mtaa mzima unanuka biringanya!

— Kuna ubaya gani?

— Shemeji, watu wanaokula kitu kimoja siku moja, wanalala saa moja. Wanaamka saa moja. Wanaanza kuwaza jambo moja. Siku hiyo mtu akija kutaka kura hapa, anahitaji kumshawishi mmoja tu, wengine wamo.

— Na wewe ambaye hujajiunga?

— Mimi nitakuwa upinzani.

— Acha mchezo, — alisema Mzee Breki, na nikafurahi kidogo kwamba angalau mtu mzima amerudi barabarani. — Mimi nimelitazama hili jambo kwa utulivu. Kwa nini anataka makapu yetu? Kwa nini asilete ya kwake?

— Kila mtu alijue lake, mzee.

— Hapana. Kapu la nyumba linasema kila kitu. Ukubwa wake unaonyesha mko wangapi. Likiwa na harufu ya samaki, anajua mnakula samaki. Limechakaa, anajua hali. Makapu kumi tu, na huyo mama anaujua mtaa kuliko serikali. Nani amemtuma?

— Enhe! — Redio alisimama kabisa. — Nani amemtuma!

— Amejituma, — nikasema. — Ana shamba, ana watoto, amechoka na madalali. Nimekaa naye kwenye kikao cha wazazi, nimemwona akisinzia.

— Mpelelezi mzuri ndivyo anavyosinzia, — alisema Mzee Breki.

Nikawamiminia tena, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa haina kazi nyingine ya kufanya, na ndipo pikapu ndogo ya kijivu ikakata kona na kusimama mbele yetu. Mama wa shamba alishuka. Alikuwa na mabuti ya mpira yenye udongo mpaka magotini, na mtoto wa kike amelala kwenye kiti cha mbele mdomo wazi. Aliinama akayatazama makapu. Hakuhitaji kuyahesabu kwa kidole.

— Tisa, dada.

— Tisa, — nikasema. — Nisubiri kidogo. Kuna mmoja anafikiria.

— Sina kidogo, dada yangu. Vibarua wananisubiri, wanataka kujua tunachimba wapi na kuacha wapi. — Akawageukia wale watatu, akawaamkia vizuri, Mzee Breki kwanza. — Ila kwa kuwa nimewakuta, nisaidieni jambo moja, hata kama hamjiungi. Kuna kona nyingine mbele ninazozipelekea mboga. Nataka kujua watu wa huku wanapenda nini, nisije nikapanda vitu wasivyokula. Jana mlikula mboga gani?

Redio alikuna kisogo, Mzee Breki akageuza kikombe chake.



— Jana? — aliuliza Redio.

— Jana usiku. Nyumbani.

— Jana kulikuwa na... Kulikuwa na nyama.

— Mboga, kaka.

— Kando yake kulikuwa na kitu. Cha kijani.

— Mchicha? Kabichi? Majani ya maboga?

— Cha kijani, — alisema Redio, sauti ikipungua. — Kimekatwakatwa.

Mama wa shamba akamtazama Mzee Breki.

— Mimi hula kilichowekwa mezani, — alisema mzee.

— Ndiyo, baba. Kiliwekwa nini?

— Chumvi ilikuwa kidogo. Hilo nalikumbuka.

Wote tukamgeukia Fundi. Fundi wa ini. Alikuwa anajifuta mikono kwenye mapaja, na midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayetafuta wimbo.

— Ngoja, — alisema. — Ngoja nimuulize mama watoto, tusibahatishe.

Simu ya Fundi iliwahi kutengenezwa na Redio, na tangu siku hiyo haiongei ila kwa kipaza sauti. Ikaita kona nzima ikisikia.

— Nini tena? Umesahau ufunguo?

— Hapana, mama. Jana tulikula mboga gani?



— Nani anauliza?

— Watu tu.

— Waambie hao watu tu kwamba ndani ya nyumba hii mboga haijaingia tangu goti langu livimbe. Siwezi kufika sokoni. Jana ulikula maharage. Juzi maharage. Siku ya nyuma yake maharage. Unakula, unasema asante, unanieleza habari za ini.

Redio aliitazama ile simu kama mtu anayejutia kazi yake. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa na kicheko, lakini nilimfikiria yule mwanamke na goti lake, nikakimeza.

— Goti bado tu? — aliuliza Fundi, kwa sauti ya chini, ingawa kipaza sauti hakijui sauti ya chini.

— Bado. Na hiyo ngurumo ni gari gani?

— Ni mama mmoja wa shamba. Analeta mboga mpaka hapa benchini. Kila wiki.

— Mpaka hapo? Hatua chache tu kutoka hapa?

— Ndiyo. Ila mpaka wafike watu kumi. Wako tisa.

— Na wewe hapo umekaa wa ngapi?

Simu ikakatika.

Fundi alisimama bila kumtazama mtu. Aliingia kibandani, tukasikia kitu kikimwagwa, kisha akatoka na kapu lake la mabaki ya vitambaa, tupu, nyuzi bado zimening'inia pembeni. Alirudi ndani akachukua sindano, akaketi kwenye ncha ya benchi, akashona kipande cha kitambaa cha sare kwenye mpini. Hata kwa haraka ile alikunja pindo. Kisha akafungua droo ya cherehani, akatoa malipo, akampa mama wa shamba vyote pamoja kwa mikono miwili.

— Andika maharage usipande, — alisema.

— Sawa, fundi.

Tukapakia. Redio alibeba matatu bila kuambiwa, na Mzee Breki akasimamia upangaji, kwamba mazito yakae mbele, ingawa yote yalikuwa matupu. Mama wa shamba alifunga kamba, akampangusa mtoto wake jasho la usingizini, akaingia garini.

— La kwanza linafika lini? — nilimuuliza dirishani. Nilikuwa nimehangaikia kapu la kumi mpaka nikasahau kuuliza hilo.

— Nikifika ndiyo tunaanza kupanda, dada. Tuombe mvua.

Akaondoka. Nikabaki nimeshika kitambaa cha kufutia vikombe. Sikuwa na hasira naye, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaamini kwamba kesho italala.

— Dada, — aliita Fundi. — Kesho alfajiri unakwenda sokoni?

— Nakwenda. Nitakwenda mpaka hizo za kwake ziote.

— Basi nifanyie wema. Niletee fungu moja na mimi. Mchicha, au chochote.

Nilimtazama. Alikuwa na uso wa kuonewa huruma kwelikweli, na ningeweza kusema ndiyo. Fungu moja si mzigo. Ndivyo mizigo yangu yote ilivyoanza.

— Sikuletei, fundi. Nikipita nitagonga dirisha lako, twende wote.

— Alfajiri ile?

— Ileile.

Akamtazama Mzee Breki, kisha Redio, akisubiri mmoja wao aseme neno. Asubuhi nzima walikuwa na maoni. Sasa kila mmoja alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake.

— Gonga kwa nguvu, — alisema Fundi. — Mimi nalala sana.