Fundi Aliyefuata Mitambo

Marehemu, ambaye kiwandani na mtaani wote walimwita Fundi Nyuzi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa dobi na mkewe, katika nyumba za kupanga nyuma ya stesheni. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akasomea ufundi wa mitambo.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo. Aliweza kuweka kiganja juu ya mtambo wa kufuma ukiwa unakwenda, akataja kipuri kilichochoka kabla haujagoma. Mkaguzi wa vitambaa, mwanamke kijana, alimrudishia kila jora lenye kasoro bila kumwonea haya. Fundi akaanza kumpelekea majora mwenyewe, hata yasiyo na kasoro. Walioana tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 1994 wenye kiwanda walihamishia kazi nchi ya mbali, ambako mishahara ilikuwa midogo zaidi. Watu mia sita walirudi nyumbani mikono mitupu. Fundi alitakiwa kuifungua mitambo, kuipakia, na kwenda kuifunga upya huko. Alimwahidi mkewe miezi sita. Ikawa miaka tisa, maana alipomaliza kuwafundisha mafundi wa huko, kiwanda kilihama tena, nchi nyingine, naye akatakiwa tena. Alipiga simu kila Jumapili. Jumapili moja mkewe alimwambia, "Mitambo imeshawazoea wageni, mume wangu. Sisi bado hatujazoea kukukosa."

Alirudi mwezi uliofuata. Binti yake, sasa mtu mzima, alimwamkia na kumpokea begi, naye Fundi akabaki mlangoni akisubiri kuonyeshwa pa kukaa.

Kiwanda cha zamani kilikuwa kimegeuzwa ghala la vitambaa kutoka nje. Mara kwa mara mkewe alimfuata huko, akamkuta akipapasa majora, macho kayafumba.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2017. Wiki yake ya mwisho hospitalini, binti alimuuliza kama alikikumbuka kiwanda. Akajibu taratibu, "Nikiwa huko niliwakumbuka ninyi. Niliporudi nikaikumbuka mitambo. Sikuwahi kuwa mzima mahali pamoja." Binti alimshika mkono, hakuuachia. Fundi alifariki asubuhi ya tarehe 22 Juni 2021.

Ameacha mjane, binti, mkwe na wajukuu wawili. Fundi mmoja aliyefundishwa naye ng'ambo ametuma salamu za rambirambi, akaongeza kuwa kiwanda cha kwao nacho kimehama.

Apumzike sasa kwa amani, mahali asipohamishwa tena.