Dawa Ifuate Siku ya Mtu: Maisha ya Eunice Mejumaa Garama

Wazee wetu, mchungaji, majirani wa hapa Samburu, na ninyi ndugu zetu mliotoka Kinondo, Ukunda na Msambweni na kulipita vumbi lote hilo kwa ajili ya mtu mmoja, familia inawapokea, na inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tuipite pamoja njia aliyoipita mwenzetu.

Eunice Mejumaa Garama alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Aprili 1978, katika boma hili hili, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Garama Ruwa, mfugaji wa mbuzi, na mama Kache, aliyekuwa akiwauzia chai madereva wa malori kando ya barabara kuu. Alisoma shule ya msingi hapa Samburu kuanzia mwaka 1985 hadi 1992, kisha sekondari ya wasichana huko Kwale hadi mwaka 1996, na baada ya mwaka mmoja wa kushika birika pamoja na mama yake, alijiunga na chuo cha utabibu mjini Mombasa, alikohitimu stashahada ya famasia mwezi Novemba 2000.

Januari 2001 aliajiriwa kwenye dirisha la dawa la hospitali moja huko Msambweni, na hapo alikuwa mwepesi wa mkono, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, mgonjwa akifika anapewa pakiti yake, anasomewa maandishi, anapisha. Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa na bwana Josphat Boga, fundi wa mabomba katika hoteli za Diani, kanisani Ukunda, na Mungu akawajalia watoto wawili, Beryl Umazi, aliyezaliwa mwaka 2006, na Garama, aliyezaliwa mwaka 2009 na kupewa jina la babu yake.

Mwezi Juni 2008 Eunice alifungua duka lake la dawa Kinondo, karibu na msikiti, na mwezi Septemba ukaingia Ramadhani, ya kwanza kwake kuwahudumia watu wale akiwa peke yake. Aliandika kwenye pakiti kama alivyofundishwa, kutwa mara mbili, asubuhi na jioni, wala hakufikiria kwamba mwenye kufunga hana asubuhi. Wenye sukari na presha, wasitake kuacha dozi wala kuvunja saumu, wakawa wanameza vidonge vya kutwa nzima kwa pamoja wakati wa kufuturu, na bibi mmoja, Mwanarusi, mpika mahamri aliyejulikana mpaka Galu, alifanya hivyo, akalala bila kula daku, na kesho yake mchana akaanguka juu ya unga aliokuwa akiukanda. Bintiye Ummi alimnywesha maji ya sukari, akakimbizwa hospitali, akapona, lakini aliporudi nyumbani alizitupa dawa zote chooni, na kwa kuwa neno la Mwanarusi Kinondo lilikuwa na uzito, wengine wakazitupa zao.

Basi Eunice alifunga duka akamwendea, na Ummi ndiye anayetusimulia yaliyosemwa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daktari wa Samburu, umekuja kuona kama nimebaki?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Nilikupa dawa bila kuuliza siku yako inakwendaje."

"Siku yangu? Yangu ni karai na birika. Wewe hujui mahamri yapikwavyo?"

"Sijui. Nieleze."

Akaelezwa, tangu kuumua unga kabla ya adhana ya alfajiri mpaka kuosha vyombo, na katikati ya maelezo hayo likatoka jambo ambalo hospitali haikupata kulijua, kwamba Mwanarusi alikuwa akionja chai ya kila birika kabla ya kuiuza, kikombe kizima, na sukari yake ikiwa ya kutosha harusi.

"Mama, mwachie mnunuzi aonje."

"Na ikiwa chapwa?"

"Ataongeza mwenyewe sukari, na lawama itakuwa yake."

Mwanarusi alicheka mpaka akashika kiuno, lakini kumeza alikataa, na ikabidi Eunice amlete maalim Nassir wa msikiti ule, aliyemweleza bibi kwa upole kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na kwamba anayetaka kufunga sharti kwanza ashauriane na anayemtibu. Ndipo akakubali kuanza tena, kwa masharti yake mwenyewe, kwamba dawa itafuata siku yake, si siku yake ifuate dawa.

Hapo ndipo Eunice tuliyemfahamu alipoanza. Hakumpa tena mtu dawa ya kudumu kabla ya kumuuliza anaamka saa ngapi, anakula nini na nani anampikia, akampangia mvuvi baada ya kurudi pwani, mfugaji baada ya kufungulia mbuzi, mwenye haya ya kuonekana akimeza akampangia faraghani, na kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, alikaa nao mmoja mmoja, na penye mashaka akawapeleka kwa daktari. Mwaka 2012 wagonjwa hao waliunda kikundi, wakikutana barazani kwake kila Alhamisi, wanapimana presha na sukari, wanakaguana nyayo kama kuna kidonda, wanataniana, na anayesema amepona kwa sababu kichwa hakimwumi anazomewa na baraza zima.

Mwezi Novemba 2023 Eunice aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akaanza matibabu Mombasa, na kilichomsumbua zaidi ya maradhi yake kilikuwa hofu kwamba kikundi kitakufa pamoja naye, maana Alhamisi ya kwanza aliyokosa, watu walikuja, wakakaa, hakuna aliyeigusa mashine ya presha. Mwanarusi akampigia simu.

"Mwanangu, watu wanaitazama mashine kama wanaotazama maiti."

"Ufunge wewe mkono wa kwanza, mama. Mimi huku wangu umeshafungwa na wauguzi."

Mwanarusi akafunga mkono wa kwanza, akakosea, akafungua, akafunga tena, na tangu siku hiyo hawakumngojea.

Eunice alituaga alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, nyumbani kwake Ukunda, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake. Habari zilipofika Kinondo, wapo waliosema siku ile baraza lifungwe kwa heshima, lakini Mwanarusi akawaambia, "Tukae matanga na presha zimepanda? Lete mkono," wakapimana wote huku wakilia, kisha wakaja Ukunda kutushika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mombasa na Msambweni, wauza dawa wenzake wa Diani waliolishikilia duka lake, majirani wa Ukunda, kanisa, maalim Nassir na msikiti wake, na ninyi kikundi cha Alhamisi, mliomwonyesha akiwa hai kwamba kazi yake imesimama. Ameacha mume, watoto wawili, mama yake Kache na ndugu watano.

Jambo la mwisho ni agizo lake. Tunajua desturi ya hapa kwetu, kwamba chakula ni baada ya kaburi, lakini Eunice alikataa kabisa watu wake wasimame juani na njaa kwa ajili yake. Kwa hiyo, kila mwenye sukari, mwenye presha, au mwenye dawa ambayo saa yake imefika, ainuke sasa bila haya, aende kule kwenye turubai la buluu, chakula na maji viko tayari, ale, ameze, apumzike kidogo, na jeneza halitainuliwa mpaka wa mwisho wenu amalize.

Nawe Mejumaa, pumzika kwa amani, watu wako wanakula.