Drusilla Mong'ina na Diski Aliyoipa Jina Langu

Wachungaji, wazee wa boma, majirani wa Kiogoro na nyote mliopanda mlima huu na matope yake, mimi ni Bochaberi, binti wa kaka wa marehemu, muuza mitumba wa Daraja Mbili, niliyeacha shule kidato cha pili, na kwa wale wanaonong'ona kwamba kazi hii ya kusoma historia yake ni ya msomi, marehemu alinichagua mwenyewe, kwa hivyo tulieni.

Shangazi Drusilla Mong'ina alizaliwa Keumbu, Jumanne tarehe 12 Machi 1974, mtoto wa tatu wa mzee Nyakundi na mama Edinah, akasoma shule ya msingi hapo hapo Keumbu, akafanya KCPE ya darasa la nane 1988 na KCSE ya kidato cha nne 1992, kisha akaenda Nairobi kusomea kompyuta, akapata diploma 1996, wakati wengi wenu mlidhani kompyuta ni televisheni iliyoharibika.

Mwaka 1997 aliajiriwa kutunza rekodi katika hospitali moja ya Nyamira, na Jumapili tarehe 19 Desemba 1999 akafunga ndoa na mwalimu Thadeus Masese wa hapa Kiogoro, tarehe hiyo ishikeni, nitairudia, wakajaliwa Natasha 2001 na Duke 2005.

Kuanzia 2011 aliandika programu za zahanati, na Machi 2016 zahanati moja ikapoteza rekodi za chanjo za wiki nzima, kwa sababu diski ilijibu kwamba imehifadhi na haikuwa imehifadhi chochote, akina mama wakarudi na watoto mgongoni, wauguzi wasijue nani amedungwa na nani bado. Shangazi hakuilaumu diski, alisema diski huharibika tu, kosa ni lake aliyeandika programu ya kuamini bila kukagua, akaunda diski ya kuigiza, isiyoshikika mkononi, inayojifanya mbovu ndani ya kompyuta, mara inakataa kuandika, mara inaandika nusu, mara inaitikia vizuri na ndani hamna kitu, ili programu ianguke mezani kwake kabla haijamwangukia muuguzi. Aliipa jina Bochaberi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimwitikia "Ndiyo shangazi, nimefunga ndama," na ndama yuko kwenye maharagwe yake. Binamu Angwenyi, mwenye digrii, programu yake ilihimili Bochaberi dakika nne.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya kongosho, na Januari akanisomea historia hii kitandani, niiandike, nikamwambia nimehifadhi, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nimuulize mwalimu tarehe ya harusi, kumbe aliponisomea alikuwa amenitajia harusi ya Agosti makusudi. Nilienda kwa mwalimu nikaona cheti cha ndoa, Desemba, nikaenda Keumbu kwa bibi Edinah, nikaenda kwa kila mwenye karatasi, niliporudi kumsomea yote alimwambia Natasha, "Ile diski itafutieni jina lingine."

Alituacha Jumatatu asubuhi, tarehe 10 Februari 2025, mjini Kisii. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomchumia chai miezi yote sita, na wenzake wa kazi, Angwenyi ukiwemo.

Pumzika kwa amani, shangazi, yote uliyoniachia yapo, na safari hii nimekagua.