Chome wa Mangi, Aliyeandikiwa Wazimu

Wazee wetu, majirani wa hapa Taru, na nyinyi mliotoka Diani kwa lori na kwa miguu, poleni kwa msiba, na wakwe hasa tunawaomba msogee mbele kidogo, kwa maana maneno haya yana kipande chenu.

Marehemu Chome wa Mangi alizaliwa hapa Taru mwaka wa 1921, mwezi hakuna aliyeuandika ila mahindi yalikuwa yakipaliliwa, akasoma shule ya misheni miaka miwili, 1931 na 1932, akaacha kwa kuwa mbuzi wa baba yake hawakuwa na mchungaji mwingine, wala si kwa kichwa kizito kama mtu mmoja hapa anavyopenda kusema. Mwaka wa 1942 aliajiriwa na reli pale Mackinnon Road, mwaka wa 1944 akamwoa Kahaso binti Rai, huyu mliyempa mkono mlipoingia, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa binti, Mapenzi, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1947.

Februari 1951 aliteremka Diani kuwa mpishi wa bibi mmoja wa Kizungu, akampikia miaka tisa bila kuunguza hata supu moja.

Machi 1960 mzee Mangi alifariki, Chome akapewa ruhusa ya siku tatu tu, na aliporudi kazini akawa kila alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, anakoroga unga na maji katika kifuu, anamwaga nyuma ya jiko na kumwita baba yake kwa jina, kama afanyavyo kila mwana wa hapa akiwa mbali na kaburi la mzazi. Bibi alisikia, akamwita daktari, Mzungu mwenzake, daktari akaja na karani wa kutafsiri, naye Kahaso alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, akasikia yote.

Daktari aliuliza, "Unazungumza na nani?" Chome akajibu, "Na baba, bwana." "Yuko wapi?" "Alikufa mwezi wa tatu." "Na anakujibu?" Chome akacheka, akasema, "Asiponijibu mimi kifungua mimba wake, bwana, amjibu nani, wewe?" Karani alitafsiri sawasawa, hatumlaumu, lakini daktari hakucheka, aliandika kabila kwanza, Mduruma, kisha akaandika wazimu mkubwa usiopona, na kalamu yake haikusimama hata kidogo.

Sasa sikilizeni, maana Kahaso amelala na jambo hili miaka sita. Bibi yule yule, tangu mumewe alipofariki mwaka wa 1957, kila Jumapili aliandaliwa sahani mbili, moja ya marehemu, akamsimulia habari za mbwa na maua, akanyamaza kusikiliza, kisha akacheka kwa jibu alilopewa, na Chome ndiye aliyeipeleka sahani hiyo ikiwa ya moto na kuirudisha ikiwa baridi, huku daktari huyo huyo yuko mezani anatafuna. Bibi aliambiwa kwamba hiyo ni huzuni tu, akapumzike Galu wiki mbili. Huzuni ikawa ya bibi, wazimu ukawa wa mpishi. Hatumsingizii mtu, tunauliza tu.

Tarehe 2 Mei 1960 alipelekwa hospitali ya akili huko bara, akarudi tarehe 14 Juni 1962 mikono ikitetemeka kwa vidonge alivyokatazwa kuviacha, na waliouona mtetemeko wakanong'ona, "Si mnaona wenyewe?" Desemba 1963 bendera ya Waingereza ilishuka, lakini faili la Chome, lenye neno la daktari yule, halikushuka.

Januari mwaka huu wa 1966 mzee Thoya na Bi Shutu walileta posa ya mwana wao Kitsao kwa Mapenzi, tukaipokea kwa vigelegele, na Julai wakatuma neno kwamba tungoje, eti damu ya wazimu inatembea. Aliyewapelekea habari Kahaso anamjua, na mtu huyo leo amechagua kukaa karibu na sufuria.

Agosti tumbo lilimshika marehemu, akaenda zahanati mara tatu, na mara tatu lilifunguliwa faili, ukasomwa ukurasa wa kwanza, akaambiwa, "Mzee, haya ni yale yale," akaongezewa vidonge vya kichwa. Mara ya nne alibebwa hadi Msambweni, na daktari kijana wa huko aliweka mkono tumboni kabla ya kushika karatasi yoyote, akakuta utumbo umejifunga na kuoza, akapasua usiku huo huo, lakini muda ulikuwa umekwisha. Chome alifariki Jumatano, tarehe 19 Oktoba 1966, akizijua siku na tarehe, akimwagiza Kahaso asiuze mbuzi mweusi. Alikufa kwa utumbo, si kwa kichwa, na utumbo uliojifunga haurithiwi na binti.

Tunamshukuru daktari yule wa Msambweni, wapishi wenzake wa Diani, na majirani kwa kuni na maji. Waliochimba kaburi tunawashukuru wote, na wa kwanza kufika na jembe, juzi jioni, tena akiwa amekatazwa na mama yake, ni Kitsao wa Thoya, ambaye alimwambia Kahaso mbele ya watu, "Mama, nimekuja kumzika mkwe wangu." Bi Shutu, mwanao ameshajibu, sisi tunangoja jibu lako kabla hujapanda lori.

Chome mwana wa Mangi, pumzika kwa amani, ulikuwa na akili zako zote.