Usiipanguse Ikiwa Kavu

OBONYO: Haloo? Nani mwenzangu?

TRYPHOSA: Haloo? Ni Mama Kituyi wa Yamumbi. Ile Toyota ya bluu ulipaka rangi.

OBONYO: Ala, Mama! Ngoja nizime kompresa, sikusikii. [kelele inakatika] Haya. Mko salama?

TRYPHOSA: Niko. Tangu tumzike Mzee hakuna "mko".

OBONYO: Pole, Mama. Ni mazoea ya mdomo. Gari nayo?

TRYPHOSA: Ndiyo nimepigia. Fundi, rangi yako ina shida.

OBONYO: Yangu? Mama, hiyo nilipiga rangi koti nne, nikaweka—

TRYPHOSA: Jua ikiwaka naona mistari. Midogo midogo, inazunguka kama utando wa buibui. Boneti yote.

OBONYO: Kwa kivuli haionekani?

TRYPHOSA: Haionekani.

OBONYO: Hiyo si rangi. Hiyo ni mkono. Nani anaipangusa?

TRYPHOSA: Mimi. Kila asubuhi kabla ya chai.

OBONYO: Na maji?

TRYPHOSA: Maji ya nini na ni vumbi tu? Baba Kituyi aliipangusa kavu miaka kumi na saba.

OBONYO: Mzee alipangusa rangi ya kiwanda, imekomaa. Hii ina wiki mbili tu, bado ni laini. Na vumbi ya huko kwenu ni mchanga, Mama. Ukisugua kavu ni kama umeshika msasa.

TRYPHOSA: Nimeiharibu?

OBONYO: Bado, ni juu juu. Ikikomaa nitakuja kuipiga polishi. Lakini uache kusugua. Mwaga maji mingi kwanza, vumbi ishuke yenyewe, halafu kitambaa laini, safi, taratibu. Na usi— haloo? Mama, unapotea.

TRYPHOSA: [mkwaruzo] —nimesogea hapa kwa gari. Hapa ndio netiweki inashika.

OBONYO: Nauliza, unapangusa na nini?

TRYPHOSA: Na shati.

OBONYO: Shati gani?

TRYPHOSA: Yake. Siku ile ya kugawa nguo ndugu zake walibeba zote. Koti, viatu, hata kofia ya kanisani. Hii moja niliificha kwa buti ya gari. Gari hawakuitaka, walisema ni mabati. Ndio nikakuletea uipake, waone.

OBONYO: Sawa. Na hiyo shati umeifua lini?

TRYPHOSA: Haijafuliwa.

OBONYO: Tangu lini?

TRYPHOSA: Tangu aivue.

OBONYO: Mama! Imebeba vumbi ya wiki mbili hiyo. Yenyewe ndiyo inakwaruza. Ifue leo leo, sabuni kidogo—

TRYPHOSA: Sifui.

OBONYO: Sabuni ya kawaida tu, halafu—

TRYPHOSA: Obonyo, nimesema sifui! Ilikuwa bado inanukia yeye. Jasho yake, na ile mafuta ya mgando alikuwa anajipaka. Asubuhi nikipangusa, naona kama ako upande ule mwingine wa gari. Hatuongei. Lakini ako.

OBONYO: Aki, Mama.

TRYPHOSA: Kituyi hupiga Jumapili. Siku zingine nalala sijaongea na mtu. Najisikia mpweke, fundi, sikufichi.

OBONYO: Basi, sikiza. Usiifue. Ifunge kwa nailoni, uweke kabatini. Kwa gari nitakuletea vitambaa. Harufu isipotee bure, ama namna gani?

TRYPHOSA: Niko nayo hapa. Nimeiweka kwa pua.

OBONYO: Ee?

TRYPHOSA: Ni vumbi, Obonyo. Inanuka vumbi tu.

[mkwaruzo]

OBONYO: Ujaribu kwa kola. Kola hukaa na—

TRYPHOSA: Ndio hiyo kola nimenusa. Nimemmaliza mimi mwenyewe. Kidogo kidogo, kwa boneti.

OBONYO: Usiseme hivyo, Mama. Jumamosi nakuja, nitakuonyesha kuosha. Tutakunywa chai.

TRYPHOSA: Jumamosi iko mbali. [mlio] Umesikia? Kredo ya simu inaisha.

OBONYO: Nimesikia. Usiiguse gari mpaka nifike, tafadhali.

TRYPHOSA: Na kesho kabla ya chai, hii mikono nitaiweka wapi?

OBONYO: Shika simu. Niflashie tu kabla ya chai, nitakupi—

TRYPHOSA: Obonyo? Kabla ya chai, umesema? Haloo?