Mama wa Muntu wa Radi

Pale Baraka, kwenye kona ya barabara inayoshuka bandarini, kuna ubao wa mtumbwi mkongwe uliolazwa juu ya matofali, na wenyewe wanauita Parlement. Hapo hapakaliki bure. Anayekaa anakunywa kahawa anayoiuza dada Bushira, na anayekunywa sharti atoe hoja, hata kama hana. Spika ni Isidore fundi cherehani, jina la kijiweni Procureur, yaani mwendesha mashtaka, kwa sababu hajawahi kukutana na mtu asiye na kosa. Kulia kwake hukaa Saleh mvuvi, aitwaye Météo, ambaye ametabiri mvua mara nyingi kuliko mvua yenyewe ilivyonyesha. Kushoto hukaa Bahati wa pikipiki, wanayemwita Pasteur ingawa kanisani huonekana Noeli tu. Asubuhi hiyo walikuwa na wa nne, Patrice, mwenye ukumbi wa filamu, na ni huyo aliyemfanya Bushira amimine kahawa nje ya kikombe.

Jana alasiri Bushira alikuwa ametafsiri filamu kwa mara ya kwanza maishani. Baraka filamu ya kigeni haitazamwi kavu. Lazima awepo mtu na mikrofoni pembeni ya pazia, awasemee wote kwa Kiswahili, mwema na mwovu, mke na mume, hata mbwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Yasini, lakini Yasini amehamia Mboko. Patrice akamwita Bushira kwa hoja moja: Bushira alikulia kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, na aliyekulia kambini lazima ajue Kiingereza. Kumbe Bushira hakujua zaidi ya salamu. Alichojua ni kusema, na jana, ukumbi mzima uliponyamaza ukimngoja yeye, alijisikia amefika mahali alipokuwa akienda tangu utotoni. Usiku hakulala kwa furaha. Sasa Patrice alikuwa amemwambia bila kuficha: leo atakaa awasikilize Parlement. Wakiisifu filamu, mikrofoni ni ya Bushira. Wakiicheka, ataagiza filamu zilizokwisha kutiwa sauti ng'ambo, naye Bushira abaki na birika lake.

Procureur akakohoa. Kikao kikafunguliwa.

— Film ya jana, akasema, iko na makosa.

Bushira akashika birika kwa mikono miwili.

— Ule Muntu wa Radi alivunja nyumba za bantu mingi sana. Alipiga radi huku, paa inaruka. Alipiga kule, ukuta inaanguka. Kisha anaruka zake. Nani atajenga? Hata pole hakusema!

— Alisema! Pasteur akamkatiza. Alisema: «Bamama, mutanisamehe, niko nakimbiza mwizi.» Nilisikia na haya masikio yangu.

Bushira akainamia makaa. Wakati ule Muntu wa Radi alikuwa amefumba mdomo; pole ilikuwa ya Bushira mwenyewe.

— Pole haiezekake nyumba, akasema Procureur.

— Kosa kubwa ni maji, Météo akaingia. Muntu anaruka mu mawingu, lakini akiona maji anatetemeka. Si muliona pale ku daraja? Mutoto anazama, yeye anazunguka kule juu sawa inzi. Nani alimutoa mutoto? Muvuvi! Mi nasema, ule muvuvi njo muntu wa nguvu mu film muzima, na hata jina hawakumupa.

— Na nguo yake! Pasteur akapiga goti. Alipigana siku muzima, nguo haishike hata vumbi. Mi nikitoka Mboko na moto, hii pikipiki yangu, nikifika ku nyumba mama yangu ananiuliza: we ni nani?

Patrice alikuwa akitikisa kichwa taratibu, macho ndani ya kikombe. Bushira akahesabu makosa moyoni, nyumba, maji, nguo, akaona mikrofoni inamponyoka.

— Lakini yule mama! akasema Procureur ghafla.

Ubao mzima ukaruka.

— Aah, mama!

— Ule mama njo film!

— Pale alimuambia: «Unaokoa muji muzima, na mama yako anachota maji yeye mwenyewe!»

— Na hii ingine: «Unarukaruka mu mawingu, mihogo nani atapalilia?»

Pasteur alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye suruali, wala hakujali.

Bushira hakuwa na shida na mama huyo hata kidogo. Katika picha alitokea mwanamke mwembamba mwenye nguo nyeusi na kucha nyekundu, kila mara akimfokea Muntu wa Radi, na Muntu wa Radi, pamoja na nguvu zake zote, akitazama chini. Bushira alikwisha kuona jambo hilo katika kila nyumba ya Baraka. Hakuhitaji Kiingereza. Alimpa yule mwanamke maneno ya mama yake mzazi, na akina mama waliokuwa ukumbini wakasimama wakapiga vigelegele.

— Na bapolisi! Météo akakumbuka. Banasema Kiswahili safi ya ng'ambo: «Simama hapo hapo, ndugu mwananchi!» Vraiment, hii film iko na elimu.

Patrice akainua macho. Bushira akaanza kupumua.

— Sawa, akasema Procureur, na kidole kikapanda juu, na kikipanda kidole kile hakishuki bila kesi. Mama ni muzuri. Sasa munijibu. Kama Muntu wa Radi anamupenda mama yake hivi, sababu gani alimubeba mpaka juu ya nyumba ya ghorofa, akamutupa chini?

Bushira alikuwa akiliogopa swali hilo tangu alfajiri. Alikuwa ameonja filamu kwenye simu ili ajiandae, na simu ikamzimikia kabla ya mwisho. Kwa hiyo jana, Muntu wa Radi alipombeba mama yake juu ya kichwa, Bushira alishangaa kama watazamaji wengine. Na mama alipoondoka hewani, lilimtoka lililomtoka, kama anayemuaga msafiri wa vijiji vya ndani: «Enda salama, mama! Usalimie bantu ya Kilembwe!»

— Hiyo si kosa, akasema Météo baada ya kufikiri. Alipima upepo kwanza. Si ulimuona anaangalia huku na huku? Ule upepo inashusha muntu polepole. Wazee balisema, aliye juu mungojee chini. Donc alimutupa atangulie, amungojee.

— Hapana! akasema Pasteur. Mama pia eko na nguvu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu mama yake alimufunza kuruka, sasa mwanafunzi anamupa mwalimu examen!

— Munakosa bote, akasema Procureur, ambaye alikuwa amejiuliza swali ili ajijibu. Nani hapa alisha enda Kilembwe na mvua?

— Mi, akasema Pasteur. Nilisukuma moto kuliko moto ilinibeba.

— Voilà! Mutoto mwenye akili atapitisha muzazi wake mu ile matope? Alimupitisha ku hewa! Na mi naongeza: ule Muntu wa Radi ni Mubembe, mutoto wa hapa kwetu.

— Mubembe!

— Preuve ni hii. Akigombezwa, anaangalia wapi? Chini! Mutoto wa kwingine anaangalia mama yake mu macho. Huyu alikulia huku. Baba yake ni muntu wa Kilembwe, na ule mutoto balimupoteza mu vita, balimupeleka mbali. Mama anarudi ku bukwe, kwa bantu ya bwana yake. Kila kitu iko wazi.

Météo akavua kofia kwa heshima. Hata Patrice sasa alikuwa akikubali kwa kichwa.

Ndipo kijana mmoja mwenye begi, aliyekuwa amesimama akinywa kahawa huku akingojea boti ya Kazimia, akajisogeza. Alijitambulisha kwa adabu: Vainqueur, mwanafunzi, ametoka Uvira.

— Bakubwa, mutanisamehe. Mama gani?

— Mama ya Muntu wa Radi, akasema Procureur.

— Mi niliona ile film ku Uvira, na Kifaransa. Muntu wa Radi hana mama. Ule mwanamuke ni chef ya majambazi. Njo adui yake.

Patrice akaweka kikombe chini, akamgeukia Bushira.

— Bushira. Weye unajuaka Kiingereza?

Bushira angeweza kusingizia umeme, au sauti mbaya ya filamu. Alikuwa na hofu, lakini chini ya hofu alikuta kitu kigumu zaidi.

— Hapana, patron. Hamukuniuliza. Lakini mi nauliza nyinyi. Mwanamuke mwembamba anagombeza kijana mwenye kuvunja nyumba na mukono moja, na kijana anaangalia chini. Kama haiko mama yake, ni nani?

Procureur akasimama. Kwa kawaida husimama kwa ajili ya msiba tu.

— Mutoto wa Uvira, nijibu. Kule kwenu, bantu balicheka?

— Hapana, papa.

— Balilia?

— Hapana. Bengine balilala.

— Umesikia! Chef ya majambazi! Majambazi tunabajua, tulisha bakimbia mu maisha yetu, hatuwezi tena kwenda mu salle ya film kubatafuta. Film yenu balikata mama!

— Balikata, akasema Météo.

— Bila mama, inabakia muntu anavunja nyumba, akasema Pasteur. Pole kwenu.

Patrice akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha mabega yote.

— Nilikuwa nanyamaza nisikie banaume banasema nini, akasema. Asubuyi hii, kabla hata sijavaa viatu, bamama ba ku soko ya samaki bamejaa ku mulango yangu. Anastasie, mukubwa wabo, njo alikuwa mbele. Hakuna mwenye aliuliza Muntu wa Radi. Baliuliza: «Ule mama, atarudi leo?»

Akamwelekeza Bushira kidole.

— Mikrofoni ni ya kwako, dada. Na leo, saa kenda, film ni ile ile.

Bushira alicheka na machozi yakamtoka pamoja, akayafuta kwa ncha ya mtandio, huku Parlement ikimpigia makofi mpaka wapita njia wakasimama kuuliza nani ameshinda uchaguzi.

Bandarini boti ya Kazimia ikapiga honi. Vainqueur akabeba begi, akapiga hatua, akarudi.

— Dada, pardon. Alifika?

— Nani?

— Mama. Kule Kilembwe. Alifika muzima?

Procureur akamtazama Météo. Météo akatazama mawingu. Pasteur akatafuta methali, akaikosa. Wote wakamgeukia Bushira, naye akainamisha birika juu ya kikombe cha kijana. Yakatoka machicha.

— Kawa imekwisha, akasema. Saa kenda, utasikia.

Honi ikalia tena, ndefu. Wakamsogezea Vainqueur nafasi kwenye ubao, akaketi.